Kutoka Tanuruni hadi Mbele ya Chombo cha Bacchantes

Niliondoka Strasbourg alfajiri kwa treni ndogo inayopenya misitu ya Vosges Kaskazini, mashariki mwa Ufaransa, nikiwa na hamu ya kuona jinsi mchanga unavyogeuka sanamu. Misitu hiyo ndiyo iliyovuta viwanda vya kioo, kwani kuni zilichochea matanuru, mawe yalitoa mchanga, na majivu ya mimea yalitoa potasi ya kusaidia mchanga kuyeyuka.

Nilianzia Saint-Louis-lès-Bitche, kijiji cha bondeni ambako kioo kilianza kutengenezwa mwaka 1586, na ambako mwaka 1781 mafundi waliipata siri ya kristali ya risasi (kioo kinachochanganywa na madini ya risasi) iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Joto la karakana lilinipokea mlangoni. Fundi alichovya bomba refu la chuma tanuruni, akalitoa likiwa na donge jekundu, akawa analizungusha bila kupumzika, kwa maana akisita kidogo tu donge huning'inia upande mmoja kama asali. Mwenzake alikuwa tayari na mkasi bila kuitwa. Risasi ndiyo inayowapa muda wa kulifinyanga donge, kwa kuwa huchelewesha kristali kuganda, huipa uzito, na huifanya ipinde mwanga kuliko kioo cha dirisha. Kwa kanuni za Ulaya, kristali ya risasi lazima iwe na oksidi ya risasi isiyopungua asilimia 24.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi ni chumba cha pili, kisicho na moto. Mama mmoja alikuwa ameegemeza viwiko mezani, akisukuma bilauri kwenye gurudumu lililodondokewa maji, na kila alipogusa, mng'ao ulififia na kuacha mchoro mweupe kama ukungu. Mchoro huo hauna alama ya kufuata isipokuwa mistari michache ya wino. Kina chake anakijua kwa vidole na kwa sauti ya gurudumu. (Bilauri, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, hapo awali lilimaanisha jiwe la kristali lenyewe, na siku hiyo nililielewa upya.)

Mchana nilifika Wingen-sur-Moder, ambako René Lalique, aliyekuwa sonara kabla ya kugeukia kioo, alijenga kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya eneo hilo la Alsace kurudi Ufaransa kutoka Ujerumani. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2011 limejaa kazi zake, lakini mimi nilisimama muda mrefu mbele ya chombo cha maua cha mwaka 1927 kiitwacho Bacchantes, yaani wafuasi wa kike wa Bacchus, mungu wa mvinyo wa Warumi, chenye wanawake wanaocheza ngoma kukizunguka. Miili hiyo hutoka katika kalibu, na ilikuwa ya kioo cha kawaida wakati wa René. Mwanawe Marc ndiye aliyehamia kwenye kristali baada ya baba yake kufariki mwaka 1945.

Asubuhi ningekiona kizuri tu. Baada ya kumtazama yule mama, nilianza kutafuta mahali mkono ulipopita: mgongo uliofifishwa hadi ukafanana na ngozi, na ukingo wa bega ulioachwa uking'aa. Nilizunguka kioo cha kabati taratibu, na kila nilipopiga hatua, mwanga ulihama kutoka bega moja kwenda jingine.