Mbwa akishazaa: chakula, chuchu na kutetemeka

Maji kwanza, tena mengi, maana bila maji maziwa hayatoki. Chakula mpe mara tatu au nne kwa siku. Kufikia wiki ya tatu, kama watoto ni wengi, atakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake. Ugali wa uwele mtupu haumtoshi (wengi wetu hapa Dodoma tunaishia hapo). Changanya dagaa au utumbo uliochemshwa.

Usiku wa Juni na Julai una upepo mkali, na vitoto vya wiki ya kwanza haviwezi kujipasha joto. Banda lizibwe upande wa upepo.

Kila siku mpapase chuchu. Ikiwa ngumu, ya moto na inauma, ni uvimbe wa kiwele. Uchafu wa kijani au mwekundu uliokoza ukeni ni kawaida. Ukinuka vibaya, muone daktari wa mifugo.

La hatari zaidi ni kalisi (madini ya kalsiamu) kushuka mwilini, hasa wiki nne za kwanza: anahema, anatembea amekakamaa, anatetemeka. Watoe watoto, mkimbize kwa daktari siku hiyohiyo. Anahitaji sindano ya kalisi taratibu mshipani. Vidonge vya kalisi wakati wa mimba havizuii, huweza hata kuchochea.