Siku tatu chini ya mti wa hondohondo

Kutoka Muheza kupanda Amani, kwenye milima ya Usambara, nilichukua bodaboda, begi la kamera nimelikumbatia kifuani kama kichanga. Ilikuwa Novemba, vuli imeshika, njia tope tupu. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Lenzi ya milimita 600 ilikuwa ya kuazima, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu kuliko makorongo. Nilijipangia siku tatu, moyoni nikiamini moja itatosha.

Nilimfuata ndege, hondohondo. Kumwona si kazi. Huyu wa milima ya Usambara ni mweusi, kiuno na tumbo la chini vyeupe, juu ya mdomo wake mkubwa kuna kama kofia, na mbawa zake huvuma kiasi kwamba ukiwa ndani ya nyumba unajua amepita. Kazi iko kwenye kiota. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba. Humo hutaga, huatamia na kulea, na dume humlisha kupitia ufa huo. Nilitaka picha moja tu: tunda likiwa kati ya midomo miwili.

Mzee aliyeniongoza aliangalia koti langu la buluu, akaniambia nivae shati lake kuukuu juu yake. "Na mwavuli huo mwekundu uache hapa hapa, mwanangu." Tulitembea karibu saa nzima, yeye macho chini muda wote, mimi shingo juu. Kumbe kiota cha hondohondo hutafutwa chini kwanza: penye lundo la mbegu na kinyesi, hapo ndipo unapoinua macho. Kati ya mbegu zile ilichipua miche ya Maesopsis, mti wa kuletwa ambao hondohondo anausambaza msituni kwa bidii. Wahifadhi hawampigii makofi kwa hilo.

Tundu lilikuwa juu, kimo cha mnazi mrefu. Mzee akaniketisha nyuma ya mizizi, hatua kama hamsini kutoka mtini. Kwenye lenzi ufa ulionekana mkwaruzo tu. Nilivumilia hadi saa nne. Mzee alipokwenda kuchimba dawa, nikabeba stendi nikasogea hatua ishirini mbele.

Punde mvumo ukaja. Dume akatua tawi la juu, koo limetuna matunda. Akanitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akanitazama kwa la pili. Akarukia mti mwingine. Akarudi. Akaondoka tena. Nilibonyeza weee, nikapata picha kumi na mbili za ndege aliyenishtukia. Mzee alirudi akasimama kando yangu, wala hakunikaripia.

"Mama anasubiri chakula," akasema kwa sauti ya chini, "nawe umekaa mlangoni."

Nikarudisha stendi. Dume alishuka baada ya saa moja na ushee, na aibu ilikuwa bado inanitetemesha mikono. Picha zote zikatoka na ukungu.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni, nilisoma tena niliyokuwa nimeyahifadhi kwenye simu. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika mwaka 1928 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo hapa Amani, alifuatilia viota vya ndege hawa pamoja na mkewe Winifred. Dume mmoja alikadiriwa kuleta matunda 24,000 katika safari 1,600 ndani ya siku 120. Nikapiga hesabu: safari kumi na tatu kwa siku, kila moja matunda kama kumi na tano. Basi kwa zile hatua zangu ishirini nilikuwa nimemnyima mtu mlo, pengine na wa pili. Ila hesabu ilinisaidia pia. Kama huja takriban kila saa, hakuna haja ya kukodoa macho kila dakika mpaka yachoke kabla hajafika.

Siku ya pili sina la kusimulia. Mvua, lenzi ikafanya ukungu kwa ndani, siafu wakapanda mguu wa stendi na kisha wangu.

Siku ya tatu saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshakaa. Msituni mwanga ni haba, nikapandisha ISO, kipimo cha kamera cha kuhisi mwanga, hadi 6400. Nilipata fokasi kwenye ufa, nikaizima isijirekebishe yenyewe, nikashika rimoti mfukoni ili nisinyanyue hata mkono. Kulipokucha vizuri akaja. Safari hii hakuzunguka. Alining'inia kwenye gome, akatikisa kichwa, tunda likapanda kooni hadi ncha ya mdomo. Akalishika kwa ncha ile kama fundi anavyoshika sindano. Ufani ikatokeza ncha nyingine. Akampa. Akatikisa tena. Nilihesabu matunda kumi na manne, na nilibonyeza mara tatu tu.

Moja ilitoka. Mzee aliikuza kwenye kioo cha kamera, akaisogeza karibu na macho.

"Tunda gani hili?"

Sikujua.

"Kuyu," akajijibu, akanirudishia kamera.

Hatukuondoka. Nilikuwa na picha yangu, lakini tulikaa mpaka jua linazama, tukila mihogo ya kuchemsha ambayo mzee alifungiwa na mkewe kwenye kitambaa. Njiani kurudi nikamwambia leo dume amekuja mara tisa.

"Kumi," akasema. "Moja ulikuwa umelala."