Nilivyomlea mjukuu Kraków baada ya siku 90 za Schengen kwisha

Machi 2024 nilikwenda Hamburg, Ujerumani, kumuuguza dada yangu. Nilikuwa katika siku ya 88 binti yangu aliyeolewa Kraków, Poland, aliponipigia simu: "Mama, nakaribia kujifungua. Usirudi Chicago, njoo kwangu." Sheria ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, inampa mgeni siku 90 ndani ya kila siku 180, nami zangu zilibaki mbili. Usiku ule sikulala.

Jirani yangu wa Chicago, Mpolandi, ndiye aliyenifungua macho. Mwaka 1991 Poland ilikubaliana na Marekani kuwaondolea Wamarekani viza, na Poland iliingia Schengen 2007 tu. Ibara ya 20 ya mkataba wa Schengen wa 1990 inaziachia nchi ziheshimu makubaliano ya namna hiyo. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Marekani anaweza kukaa Poland siku 90 zaidi hata kama zile za Schengen amezimaliza. Mimi nilisafiri na ya Marekani; ile yangu ya Kenya isingenifaa hapo.

Ila sharti lake ni gumu: uingie Poland moja kwa moja kutoka nje ya Schengen, na utoke vivyo hivyo. Kupitia Frankfurt, hata kwa kubadilisha ndege tu, kunaharibu kila kitu. Niliwaandikia walinzi wa mpaka wa Poland, Straż Graniczna, nikawaeleza tarehe zangu zote. Walipojibu nilichapisha barua yao. Siku ya 90 nikaruka kwenda London, nikalala huko siku tatu, kisha nikapanda ndege ya moja kwa moja hadi Kraków.

Afisa alihesabu mihuri yangu, akahesabu tena, akakunja uso. Nikampa ile barua na tiketi ya kurudi, Warsaw hadi Chicago bila kituo. Akaenda kuuliza. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko safari nzima! Aliporudi akagonga muhuri.

Mkwe alitaka tutembee Prague na mtoto. Nilikataa, kwani ningevuka tu mpaka ningekuwa nimevunja sheria. Nilitunza risiti za duka na tiketi za tramu, nipate kuonyesha nilikuwa wapi. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuhesabu siku kwa kompyuta, na huenda kompyuta isijue habari za 1991. Anayepanga safari kama yangu asiondoke bila barua hiyo mkononi.

Siku ya 71 ya kukaa Poland niliondoka Warsaw. Afisa wa kutokea alisoma barua yangu mara moja, akanirudishia.