Siku yangu bandani: kipepeo anapoonja kwa miguu

Saa 12 asubuhi. Nakata majani ya mlimau yaliyo laini, nakung'uta sisimizi, naingia bandani. Nafuga vipepeo hapa Gede, pwani ya Kenya, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga wakisubiri kugeuka vipepeo, nawapeleka Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993, nao huwasafirisha hadi mabanda ya maonyesho ng'ambo.

Saa 2. Viwavi wa Papilio demodocus, kipepeo wa michungwa na milimau, wana njaa. Wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege, wakubwa ni kijani. Nikimgusa mmoja anachomoza kipembe chenye panda nyuma ya kichwa, rangi ya chungwa, na harufu kali inanipanda puani. Mwaka nilioanza kazi hii majani ya mlimau yaliniishia, nikawapa ya mwembe. Hakuna hata mmoja aliyeng'ata. Walizunguka juu ya majani mabichi kabisa mpaka wakafa njaa. Bado inaniuma.

Saa 4. Saa ninayoipenda kuliko zote. Jua limekolea, majike yanatafuta pa kutaga. Nimepanga miche ya mindimu kwenye viriba, na kando pana mwarobaini uliojiotea. Jike linagusa mwarobaini, linaondoka papo hapo. Linahamia kwenye mndimu, na huku mabawa yakipepea linapigapiga jani kwa miguu ya mbele, upesi upesi, kama vidole juu ya ngoma. Mjukuu wangu amebandika uso kwenye neti.

"Bibi, mbona analikanyagakanyaga?"

"Anaonja, baba. Ulimi wake uko miguuni."

Ndivyo ilivyo. Miguu hiyo ina vinyweleo vinavyotambua kemikali za jani. Kwa ndugu yake wa Japani, Papilio xuthus, watafiti walizichambua kemikali za michungwa: moja moja hazifui dafu, lakini sinefrini, stakidrini na nyingine kadhaa zikikutana, jike linataga. Mwaka 2011 ikatangazwa hata jeni ya kipokezi kinachoitambua sinefrini. Na kinachonishangaza zaidi ni Afrika Kusini, ambako viwavi wa demodocus hula pia shamari. Kwa sura, shamari na mlimau ni mbingu na ardhi. Kwa kemikali, mimea hiyo ina mambo inayoshirikiana. Macho yetu ndiyo yanayotudanganya.

Jike linakunja tumbo, linaacha yai moja la manjano hafifu, duara, kama kichwa cha pini, kisha linaruka.

Saa 9 alasiri. Pupa thelathini na wanne. Nawalaza kwenye pamba, mmoja mmoja.

Saa 11 jioni. Namwagilia miche ichipue, maana chipukizi ndizo wanazozitaka zaidi. Naona mayai matatu juu ya neti, pale pale jani la mndimu linapoigusa. Sitayabandua. Nasogeza kiriba karibu zaidi, jani lilale juu yake, ili watakaoangua wakute chakula mlangoni.