Chini ya Mnara wa Bagamoyo

Jumamosi nilifika Bagamoyo, katika misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, nikasimama kwa muda mrefu chini ya mnara wa kanisa la kale, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Mimi, lakini, niliwawaza zaidi waliokombolewa utumwani wakasali hapo. Nilikumbuka pia Utenzi wa Enjili Takatifu wa Mathias Mnyampala, Mkatoliki aliyeichukua bahari, yaani aina ya ushairi, iliyolelewa na washairi Waislamu wa pwani, akaisimulia kwayo habari ya Yesu kwa mizani, yaani silabi, nane nane, bila kuipotezea ladha yake. Nilighani beti chache kwa sauti ya chini, machozi yakanilengalenga.