Taa ya Darini, Swichi Ikae Chini

Nilitaka kufunga taa juu ya dari ya nyumba yangu, chini ya paa, na kwa hesabu ya umeme, taa ya darini ni mzigo mdogo mno. Taa mbili za LED za wati 10 kila moja, kwenye umeme wa volti 230, huvuta chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea, kiasi ambacho sakiti ya taa, yaani njia ya nyaya inayolisha taa za nyumba, yenye breka ya ampea 6 au 10, haiwezi kulemewa nacho. Kwa sababu hiyo sikuona haja ya kuvuta waya mpya kutoka kwenye mein swichi, kwa kuwa nyaya za taa za vyumbani hupita humo humo juu ya dari, na kuchukua umeme hapo kunatosha ilimradi nyaya hizo ni nzima na waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, umo. Kinachoifanya kazi hii iwe ngumu ni mahali penyewe, yaani joto, vumbi, panya, na sakafu ambayo si sakafu.

Ubao wa dari haubebi uzito wa mtu. Anayepanda hukanyaga boriti peke yake, na ni afadhali atandike ubao mpana juu ya boriti mbili tatu kabla ya kugusa chombo chochote. Saa nazo zina maana: jua likishapiga bati, hewa ya chini ya paa huwa haivumiliki, kwa hiyo kazi ianze alfajiri. Joto hilo hilo huisumbua taa baadaye, kwani kinachokufa mapema katika taa ya LED mara nyingi ni saketi yake ya ndani ya kuendeshea taa, ambayo haipendi joto. Ndiyo sababu nilichagua taa zilizo wazi, zinazopitisha hewa, nikaziacha zile za kufungwa ndani ya kifuniko kizito.

Jambo nililolifikiria kuliko yote ni mahali pa swichi. Wengi huifunga juu, karibu na taa, kwa sababu waya huwa mfupi. Mimi nasisitiza iwe chini, ukutani, kando ya mlango wa dari, ili mtu awashe kabla hajapandisha kichwa gizani. Tatizo ni kwamba mlango ukifungwa hakuna anayejua kama taa imeachwa ikiwaka, hivyo nilinunua swichi yenye kitaa chekundu kinachozimika taa ya juu inapowashwa.

Kuunganisha nilimwachia fundi mwenye leseni, maana nchi nyingi haziruhusu mtu asiyesajiliwa kugusa nyaya za nyumba, na sheria hiyo naiunga mkono. Alizima breka, akaijaribu tesa yake, yaani kifaa cha kuonyesha kama waya una umeme, kwenye soketi yenye umeme, akapima nyaya za darini, kisha akarudi kuipima tesa kwenye soketi ile ile. Nilipomuuliza sababu ya kurudia, alijibu kwa ufupi: “Tesa nayo hufa.”

Waya unaoshuka kwenye swichi unastahili maelezo, kwa kuwa hapo ndipo mtu anayefuata anapoweza kudhurika. Waya huo una nyuzi mbili za kazi: ya kahawia hupeleka umeme chini, na ya bluu huurudisha juu kwenye taa. Rangi ya bluu kwa kawaida ni ya nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme kutoka kwenye taa, lakini hapa, swichi ikiwashwa, uzi huo una umeme kamili. Fundi aliuzungushia utepe wa kahawia kwenye ncha zote mbili, chini na juu, jambo la dakika moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Maungio yote aliyaweka ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha skrubu, akauvuta kila uzi kwa nguvu kuhakikisha haukulegea, kisha akakipigilia kisanduku kwenye mbao mahali panapofikika. Maungio ya kuzungushia utepe tu na kuachwa yakining'inia juu ya vumbi kavu huanza kupata moto pale yanapolegea.

Nyaya tulizipitisha kwenye bomba la plastiki, ubavuni mwa boriti. Zikipita juu ya boriti hukanyagwa, na zikiwa wazi hutafunwa na panya. Hatukuzifukia chini ya sufi ya kuhami joto, kwa kuwa waya uliofunikwa hushindwa kupoa na uwezo wake wa kubeba umeme hupungua. Kwa mzigo mdogo kama huu hatari si kubwa, ila taa zilizozamishwa kwenye dari ya chumba cha chini ni habari nyingine: hizo zisifunikwe na sufi isipokuwa zile zilizotengenezwa kwa ajili hiyo.

Taa zenyewe zilifungwa moja kila upande wa nguzo ya kati ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kwa kuwa taa moja ya katikati humfanya anayeinama juu ya sanduku ajizibie mwanga kwa kivuli chake. Kulikuwa na ombi la nyumbani la kuongeza soketi huko juu, nami nilikataa: sakiti ya taa si ya pasi, na anayetaka soketi darini avute waya wake kutoka kwenye sakiti ya soketi.