Vidole vinne vya mdeki

Juzi mayai yalisahaulika jikoni hadi maji yakakauka. Mwanangu akaziba pua: "Baba, nini kinanuka hivi?" Gobore, nilitaka kumjibu. Gobore linaoshwa.

Babu alikuwa na kibali cha gobore tayari. Viboko walitoka Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, usiku na kumaliza mpunga, ndiyo maana tulikwenda kwa yule mzee wa Nyanguge aliyekuwa na magobore mawili ya kuuza.

Babu alianza na lile lililong'aa. Hakutazama kitako. Alichomoa mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, akauzamisha taratibu ndani ya kasiba, yaani mtutu, hadi ukagota, kisha akabana kwa ukucha wa kidole gumba pale ulipokutana na mdomo. Akautoa, kidole hakikubanduka. Akaulaza juu ya kasiba kwa nje, ukucha ukiwa mdomoni vilevile. Ncha ya mdeki ilipaswa kufika usawa wa chuchu, pale panapovikwa fataki ya kuwashia baruti. Ilipungua vidole vinne.

"Hili limeshindiliwa."

"Haiwezekani, mzee mwenzangu. Tangu mwaka juzi halijaguswa."

"Basi lilishindiliwa mwaka juzi."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mdomo wa gobore. Babu alinishika bega, akanisogeza pembeni bila neno.

Akamimina maji ndani ya kasiba, akayaacha yapenye, kwa kuwa baruti nyeusi ikilowa haiwaki. Baadaye sana parafujo ya mdeki ikavuta nyuzi za katani, goroli, kisha uji mweusi.

Hakulichukua. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na huku ziwani unyevu hauishi. Kitambaa cheupe alichokipitisha kilitoka na rangi ya kutu, tena kilikwama chini kabisa, pale mlipuko unapobana zaidi. Kasiba iliyolika hapo haifai hata kwa bure.

Alichukua lile lililofungwa waya kitakoni. Kasiba yake ilikuwa laini, fataki ilikaa kwenye chuchu bila kucheza, na nyundo ikisimamishwa nusu haikushuka hata kifyatulio kikivutwa kwa nguvu. Kila alipolipiga alilikosha kwa maji ya moto, akalikausha, akalipaka mafuta. Maji hayo ndiyo yaliyonuka mayai.

Njiani Babu hakumlaumu yule mzee. Mimi bado namlaumu. Halafu nakumbuka kwamba gobore lile lilikuwa limeegemezwa ukutani, kando ya mkeka waliolalia wajukuu zake.